Faragha bila kuziba upepo: majibu ya maswali yenu kuhusu sura ya nje ya nyumba

Barua za mwezi huu zimekuja kwa wingi na nyingi zinauliza jambo lile lile: mtu afanyeje ili akae nje ya nyumba yake bila kutazamwa? Wengi mmekwisha kujijibu wenyewe kwamba dawa ni kuongeza ukuta. Hatukubaliani nanyi, na tutawaonyesha kwa vipimo. Barua tumezifupisha.

Tuna kiwanja cha futi 50 kwa 100. Jirani amejenga fleti, ghorofa mbili juu ya ile ya chini, na madirisha yake yako mita 3 tu kutoka ukuta wetu wa mita 2.4. Tukiketi nyuma ya nyumba kunywa chai, wote wanatuona. Fundi anasema tuupandishe ukuta ufike mita 3.5. Itasaidia?
*Mama wa watoto wanne, Kira*

Itasaidia kidogo, kwa gharama kubwa. Mama, chukua karatasi uchore ubavu wa nyumba mbili. Mtu aliyesimama dirishani kwenye ghorofa ya kwanza, macho yake yako kama mita 4.6 kutoka ardhini: mita 3 za sakafu na 1.6 za urefu wa macho. Wa ghorofa ya pili yuko mita 7.6. Wewe ukiwa umeketi, kichwa chako kiko kama mita 1.2. Tuseme kiti kiko mita 5 kutoka ukuta, yaani mita 8 kutoka dirisha la jirani. Piga mstari kutoka jicho lake hadi kichwa chako, kisha upime mstari huo unapita juu ya ukuta kwa kimo gani. Kwa wa ghorofa ya kwanza ni mita 3.3, kwa hiyo ukuta wa 3.5 ungemzuia kwa shida. Kwa wa ghorofa ya pili ni mita 5.2. Huyo utaendelea kunywa naye chai.

Sasa sogeza kizuizi. Kisitiri kikisimama mita 1 tu kutoka kiti chako, kinahitaji kimo cha mita 1.6 kumzuia wa ghorofa ya kwanza na mita 2 kumzuia wa ghorofa ya pili. Kikiwa na mita 2.4, hata mtu aliyesimama nyuma yake kwa hatua moja haonekani. Kazi ambayo ukuta wa mpakani ungeifanya kwa zaidi ya mita 5, kisitiri kinaifanya kwa chini ya nusu ya kimo hicho, kwa sababu kiko karibu na kinachofichwa. Hii ndiyo hesabu ambayo mafundi wengi hawaifanyi, nao hulipwa kwa idadi ya matofali.

Kama mnataka kufunika eneo pana, jengeni pagola, yaani nguzo zinazobeba mbao juu bila paa. Siri yake iko kwenye mbao za juu. Zisimamishwe kwa ubavu, si kulazwa, na zielekee sambamba na ukuta wa jirani. Mbao ya inchi 6 kwa 1 iliyosimamishwa ina kina cha sentimita 15. Ukiacha nafasi ya sentimita 15 kati ya mbao na mbao, jicho lolote linalotazama chini kwa pembe ndogo kuliko digrii 45 linakuta mbao tupu, huku mwanga wa mchana ukishuka bila taabu. Kutoka ghorofa ya pili, kwa umbali wenu, pembe ni kama digrii 39, hivyo mko salama. Ila kadiri mnavyosogea karibu na ukuta pembe inakuwa kali, kwa hiyo mbao zilizo ndani ya mita 3 kutoka ukuta zipangwe kwa nafasi ya sentimita 10.

Kuna kosa linaloharibu pagola nyingi: kuishia juu ya kiti. Jicho la ghorofa ya kwanza haliji kutoka juu, linakuja kwa mshazari na kupenya chini ya ukingo. Pagola ya kimo cha mita 2.4 ivuke viti kwa karibu mita 3 kuelekea kwa jirani. Kama nafasi haitoshi, mshushie mmea wa kutambaa ukingoni.

Nguzo ziwe bomba la chuma la mraba, milimita 75 kwa 75, unene wa milimita 3, kila mita 3. Shimo la msingi sentimita 40 kwa 40, kina 60, zege ya 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Nguzo isizikwe ndani ya zege. Ifungwe kwa bolti kwenye bamba lililoinuka sentimita 5 juu ya sakafu, maana chuma kilichozikwa hula kutu pale pale kinapotoka ardhini, mahali msipopaona. Mbao ziwe za msonobari uliotiwa dawa, na kila mita 1.2 kuwe na kitu cha kuzishika zisijipinde. Mbao ya inchi moja iliyosimamishwa bila kushikwa hujipinda msimu wa kwanza wa jua.

Neno moja kuhusu madirisha. Dirisha la juu, lenye kizingiti cha mita 1.7, humzuia mtu wa barabarani. Halimzuii mtu wa ghorofani, ambaye huona sakafu yako kupitia humo. Upande wa fleti weka kioo cha ukungu au luva za nje, yaani vibao vyembamba vilivyopangwa kwa nafasi.

Vioo vya kiza vinavyong'aa kama kioo cha kujitazamia vinatosha kunipa faragha?
*Msomaji, Fort Portal*

Mchana, ndiyo. Usiku ukiwasha taa, mambo yanageuka: aliye gizani ndiye anayeona, nawe uliye kwenye mwanga unajiona mwenyewe kiooni. Hakuna karatasi ya kubandika inayoshinda kanuni hiyo. Utahitaji pazia hata hivyo, basi nunua kioo cha kawaida na pazia zuri.

Nyumba yetu iko Jinja, mteremkoni, na sebule inatazama Mto Nile. Nataka ukuta mzima wa upande huo uwe milango ya kioo ya kuteleza. Mchoraji ameweka paa lililotokeza mita 1 kwa ajili ya kivuli. Je, inatosha? Na nitawazuiaje watu wa mitumbwi wasituone?
*Mzee mstaafu, Jinja*

Mzee wetu, tuanze na jua. Ukiwa Jinja unautazama mto upande wa magharibi, nalo ndilo jua gumu kuliko yote. Sisi hapa Uganda tuko karibu kabisa na ikweta. Mchana jua hupanda juu ya vichwa, na hata Juni na Desemba haliegemei kaskazini wala kusini kwa zaidi ya digrii 23 na nusu. Kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kuzitia kivuli: paa lililotokeza sentimita 90 hufunika kama mita 2 za ukuta saa ya jua kali. Lakini magharibi, ikifika saa kumi na moja kasoro robo jioni, jua limebaki kama digrii 30 tu juu ya upeo. Kwa pembe hiyo mita 1 ya paa inafunika sentimita 58 za juu ya mlango. Kufunika mlango wote wa mita 2.4 ungehitaji paa la zaidi ya mita 4.

Dawa ni luva za kulala, zilizowekwa nje ya kioo. Wengi hupenda mbao za kusimama kwa sababu zinapendeza pichani, lakini huku kwetu Machi na Septemba jua huzama magharibi kamili na kuingia moja kwa moja katikati ya mbao hizo. Luva za kulala zenye upana wa sentimita 10, zikipangwa kila sentimita 6 kwenda juu, hukata jua la digrii 30. Zikiinamishwa kidogo kuelekea nje hukata hata la chini zaidi. Na kwa kuwa nyumba yako iko juu ya mteremko, macho yako yanashuka kuelekea maji, hivyo luva zilizoinama hivyo zinakuachia mto na kukuondolea anga. Zitengenezwe kama vifuniko vinavyoteleza kwenye reli mbele ya milango, ili asubuhi uvisukume pembeni vyote. Chini ya paa waweza pia kuning'iniza mikeka ya mafunjo inayokunjwa. Ni rahisi na inavutia, ila ikinyeshewa haikai muda mrefu.

Watu wa mitumbwi wasikusumbue. Aliye chini akitazama juu huona dari yako tu. Panda ua wa mimea wa sentimita 90 ukingoni mwa mteremko na huo utakata miguu na viti. Zaidi ya hapo utajizibia mto mwenyewe.

Milango ya kioo huvuja, na mara nyingi mlango wenyewe hauna kosa. Reli ya chini ina vitundu vya kutolea maji upande wa nje. Fundi wa plasta au wa vigae huviziba kwa saruji, mvua ya upepo inajaza reli, na maji yanamwagikia sebuleni. Kabla hujamlipa mtu, mwaga kikombe cha maji kwenye reli uone yanatokea wapi. Sakafu ya baraza iwe chini ya ya ndani kwa sentimita 2 hadi 3 na iteremke nje kwa sentimita 1 katika kila sentimita 60 hadi 80. Kioo kinachofika sakafuni kiwe kilichoimarishwa kwa joto au cha tabaka mbili zilizogandishwa, unene usipungue milimita 6. Kile cha joto hakikatwi tena kikishatengenezwa, kwa hiyo pimeni baada ya kupiga plasta, si kutoka kwenye mchoro.

Grili nazo: wekeni za kukunja ndani ya milango, na angalau moja ya chumba cha kulala iwe na bawaba na funguo yake mahali wote wanapopajua. Grili iliyochomelewa kila upande ni mtego moto ukizuka.

La mwisho, pima umbali. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinalinda mita 100 kutoka ukingo wa Nile, na mita 200 kutoka Ziwa Victoria. Kama baraza lako linaingia humo, zungumza na ofisi ya mazingira ya wilaya kabla ya kuchimba msingi.

Nyumba yangu iko barabarani kabisa, Tororo. Baraza lina uwazi wa mita 3.6 mbele. Nataka kulifunga kwa matofali ya matundu lakini nimeona mengine yamepinda na kuanguka. Naomba utaratibu.
*Mwalimu, Tororo*

Mwalimu, yanaanguka kwa sababu yanajengwa kama ukuta wa kawaida. Tofali la kawaida hupishana na lenzake na kushikana. La matundu hupangwa viungo vikiwa mstari mmoja toka chini hadi juu, na hakuna kinacholishika ila saruji nyembamba. Chuma ndicho kifanye kazi ya kulishika.

Usifanye paneli moja ya mita 3.6. Simamisha nguzo ya zege ya sentimita 20 katikati, upate paneli mbili. Kwa tofali la sentimita 20 kwa 20 na kiungo cha sentimita 1, kila paneli inachukua matofali 8 kwa upana. Jenga kwanza tuta la tofali zima la sentimita 30, ili maji ya mvua na matope ya barabara yasiingie barazani, kisha panga safu 10, sawa na mita 2.1. Jumla ni matofali 160. Nunua 175, yanavunjika kwenye lori, na baada ya mwaka hutapata ya umbo lile lile.

Saruji moja kwa mchanga minne. Ya udongo wa kuchoma, kama yanayotoka Kajjansi, yaloweshe kabla ya kujenga, la sivyo yananyonya maji ya saruji na kiungo hakishiki. Ya zege usiyaloweshe. Kila baada ya safu mbili laza nondo ya milimita 6 katikati ya kiungo, ncha zake ziingie ndani ya nguzo kwa sentimita 10 au zaidi. Matundu ya ncha hizo yaachwe wakati wa kumwaga nguzo. Usipande zaidi ya safu tano kwa siku moja. Ukiharakisha, saruji ya chini bado ni laini na paneli inatoka tumbo. Juu mwagia lenta, yaani boriti ya zege, ya sentimita 20 yenye nondo nne za milimita 12, ibebe paa. Matofali haya yasibebe kitu chochote.

Kuhusu faragha: tundu lenye upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita 10 linamruhusu kuona yule tu anayesimama mbele yake. Mpita njia anayetembea kando huona ukuta, kwa kuwa zaidi ya digrii 45 tundu linajifunga. Kwa hiyo chagua tofali nene. Yale ya sentimita 5 ni mapambo. Usiku weka taa upande wa barabara, kwenye geti, na ndani uwe na taa hafifu. Nyigu watakuja kujenga humo. Pitisha ufagio kila mwezi.

Ukuta wangu wa mpakani, mita 2.4, umeanza kuinama baada ya mvua. Nilikuwa nataka kuongeza kozi (safu) tatu za matofali na seng'enge. Nifanyeje?
*Mfanyabiashara, Arua*

Usiongeze hata tofali moja. Ukuta ulioinama ukiongezewa uzito juu huanguka upande unaoinamia, na mara nyingi upande huo kuna watu.

Tazama kwanza mambo matatu. Upande mmoja wa ukuta kuna udongo mwingi kuliko mwingine? Ukuta wa mpakani haukujengwa kuzuia udongo. Tofauti ikizidi sentimita 60 hivi, unahitaji ukuta wa kuzuia udongo uliochorwa na mhandisi. Kuna matundu ya kupitisha maji chini? Mvua kubwa hujaza kiwanja, maji yanasimama nyuma ya ukuta na kuusukuma, huku yakilainisha msingi. Mabomba ya milimita 75 usawa wa ardhi, kila mita 1.5 hadi 2, yangetosha. Na nguzo ziko kila mita ngapi? Ukuta wa nusu tofali uliokwenda mita 6 bila nguzo ni suala la muda tu.

Sehemu iliyoinama bomoa, usijaribu kuisukuma irudi. Jenga upya kwa msingi wa upana wa sentimita 60 uliofika udongo mgumu, nguzo za sentimita 35 kwa 35 kila mita 3, na mwanya wa sentimita 2 kila mita 6 hadi 9 ili ukuta upate pa kutanukia. Juu uwe na kofia ya zege iliyotokeza sentimita 4 kila upande, yenye mfereji mdogo chini ya ukingo, maji yadondoke badala ya kutiririka ukutani.

Tungekuwa sisi, tungejenga mita 1.5 tu kwa tofali, na mita 0.9 za juu ziwe vyuma vya kusimama vyenye mmea wa kutambaa. Kimo ni kile kile, lakini upepo wa dhoruba unapita badala ya kupiga, na baraza lako linapata hewa. Mwizi naye hupenda ukuta mzima: akishaingia, hakuna wa nje anayemwona. Pitisha mchoro kwa kamati ya ujenzi ya mji wako; Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka kibali kabla ya kujenga.

Sina fedha za ukuta. Nataka ua wa mimea wa mita 25 mbele ya nyumba. Mbuzi ni wengi huku. Nipande nini?
*Dada msomaji, nje ya Gulu*

Dada, kwa mbuzi hakuna kama michongoma, ile yenye miiba mirefu na matunda ya njano machachu. Inavumilia kiangazi chenu cha Desemba hadi Machi. Kasoro yake ni uvivu: hesabu miaka 3 au zaidi kabla ya kukuficha. Duranta hukua upesi na kuchanua vizuri, lakini matunda yake ni sumu, si ya nyumba yenye watoto wadogo. Mti wa maua ya njano ya kengele ambao watu hupenda kuupanda uani, thevetia, ni sumu zaidi, uache kabisa. Lantana nayo itakutoroka iingie mashambani.

Chimba mtaro wa sentimita 40 kwa 40, mita zote 25. Rudisha udongo ukiuchanganya na samadi iliyooza, toroli moja kwa kila mita 2, yaani toroli 13 hivi. Panda safu mbili zilizopishana, sentimita 40 kati ya mche na mche na sentimita 40 kati ya safu na safu. Utahitaji miche kama 126. Ongeza 15 ya kuzibia mapengo. Panda mvua zikishika, Aprili au Mei, ili mizizi iwe na miezi ya kutosha kabla ya ukame. Wa Kampala na kusini wana misimu miwili, Machi na Septemba, nyie mna mmoja mrefu. Ukikosa mwanzo wake, subiri mwakani.

Watu hukosea mkasi. Wanauacha ua ufike kimo wanachotaka ndipo waukate, na matokeo ni fimbo tupu chini na majani juu, mbuzi anapita bila kuinama. Mche ukifika sentimita 45, ukate ubaki 30. Ukiongezeka tena sentimita 30, punguza nusu ya ongezeko hilo. Chini kuwe kupana kuliko juu ili jua lifikie matawi ya chini. Ni uchungu kukata mche uliouhangaikia, lakini ua mnene unapatikana hivyo. Kwa miaka hiyo ya kusubiri, simamisha ua wa mafunjo au matete upande wa ndani, mita 1 kutoka miche.

Kwa wale walioandika wakitaka kuficha ukuta mrefu kwa miti myembamba ya mwashoki: mita 1 hadi 1.5 kati ya mti na mti inatosha. Fikusi za mapambo zikae mbali na ukuta, mabomba na shimo la maji taka, mita 5 si nyingi. Mianzi chagua ya kukua kwa kichaka kimoja. Ile inayotambaa chini ya ardhi itatokea kwa jirani, na kesi itatokea kwako.

Baraza letu Entebbe lina upepo mzuri wa ziwa, lakini jioni mbu na visubi vinatufukuza ndani.
*Familia ya Entebbe*

Fungeni baraza lote kwa wavu wa mbu, matundu ya milimita 1.2 hadi 1.5, rangi nyeusi au kijivu cheusi. Wavu mweupe hung'aa juani na kuzuia mnachotaka kukitazama. Mweusi unapotea machoni mwa aliye ndani, na mchana unamficha kwa aliye nje. Mlango ufunguke kwa nje na uwe na springi. Angalieni pengo chini ya mlango na pale dari inapokutana na ukuta, kwani huko ndiko mbu wanakopita, si kwenye wavu.

Visubi vya ziwa haviumi, vinafuata mwanga. Badilisheni balbu nyeupe za barazani ziwe za njano hafifu, kisha wekeni moja nyeupe kali mbali, pembe ya kiwanja. Vitakwenda huko. Kuta karibu na taa hiyo zipakwe rangi inayoosheka.

Tunachora nyumba yenye ua wa ndani, wa mita 3 kwa 4, vyumba vyote vikiuzunguka na kuta za nje zikiwa karibu tupu. Watu wanatutisha kwamba itajaa maji.
*Wachumba wawili, Mbarara*

Mchoro ni mzuri, na kwa kiwanja kidogo ndio unaotupendeza kuliko yote: nyumba inaupa mtaa mgongo na kujifungulia yenyewe. Wanaowatisha nao wana haki. Hesabu iko hivi. Ua wenyewe ni mita 12 za mraba. Kama nusu ya paa, tuseme mita 60 za mraba, inateremkia ndani, mvua ya milimita 100 kwa saa inawaletea mita za ujazo 7.2 kwa saa, lita 2 kila sekunde. Bomba moja la milimita 110 lenye mteremko wa 1 kwa 60 linazimudu. Tatizo ni jani moja la parachichi kwenye mdomo wake.

Kwa hiyo wekeni mabomba mawili, kila moja pembe yake, kila mdomo na kisima cha kudakia matope cha sentimita 30 kwa 30, kina 45, chenye kifuniko cha wavu kinachoinuka kwa mkono. Sakafu ya ua iwe sentimita 15 chini ya ya vyumba. Kisha njia ya dharura: tundu la ukutani linalotoka nje, ukingo wake sentimita 5 chini ya sakafu ya vyumba. Mabomba yakiziba yote mawili saa tisa usiku, maji yatatokea hapo kabla ya kufika kitandani. Bora zaidi, geuzeni mteremko wa paa uelekee nje, au fungeni mifereji ya paa iliyounganishwa na tangi, ua upokee mvua yake tu.

Mita 3 ndio upana wa mwisho. Chini ya hapo ni kishimo. Kuta za ndani ya ua zisiwe nyeupe tupu, maana jua la mchana hushuka wima na mng'ao utawaumiza macho jikoni. Na kila chumba kiwe na tundu la hewa upande wa pili pia, hata la juu ya kabati, vinginevyo hewa ya ua itasimama pale pale.

Ukuta wangu mweupe umekuwa mwekundu chini baada ya msimu mmoja. Nipake rangi gani?
*Msomaji, Masaka*

Hakuna rangi ya kuzuia. Ni matone yanayodondoka kutoka paani na kurusha udongo hadi sentimita 30 au 45 ukutani. Weka mifereji ya paa, kisha ondoa udongo kwa upana wa sentimita 60 kuzunguka nyumba, kina sentimita 10, ujaze kokoto. Sentimita 45 za chini za ukuta zijengwe kwa mawe au zipakwe rangi ya udongo. Majani yaliyopandwa hadi ukutani pia huzuia matope, ila mchwa hupata njia ya siri. Acha ukanda huo wa kokoto uonekane ili vichuguu vyao uvione mapema.